Tukishinda ni Mkono wa Baba, Tukishindwa ni Upepo

Assalaam aleikum Mwalimu,

Mimi ni nahodha wa mashua ya mashindano hapa Lamu, umri wangu miaka 31. Chombo nimekirithi kwa baba, Mungu amrehemu. Wazee wa Mkunguni mpaka leo wakimtaja yeye huitaja na mashua yake, kana kwamba walizaliwa pamoja. Alipofariki nikashika usukani mimi, na mashindano ya kwanza tu tukaingia wa kwanza. Nilibebwa mabegani kutoka majini mpaka nyumbani Langoni. Lakini moyoni nilijua ushindi ule haukuwa wangu. Mashua aliiundisha yeye kule Matondoni, tanga alilikata yeye, mabaharia aliwafunza yeye. Ulikuwa mkono wa baba. Mimi nilikaa tu nyuma.

Tangu siku ile tumeshindana mara nne na hatukupata kitu. Mara ya kwanza tulikuwa mbele, upepo ukalala, tukakaa kama magogo. Uliporudi ukawaanza walio nyuma yetu. Mara ya pili wapinzani walitukata njia tukizunguka boya na waamuzi wakafumba macho. Mara ya tatu demani, ile kamba ya kuvutia tanga, ilikatika tukiwa wa pili. Hiyo ni bahati mbaya tu, haina mtu. Mara ya nne, mwezi uliopita, maji yalikuwa ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, na yanatoka kwa nguvu. Tukirudi kutoka Shela mkondo ukatushika katikati ya mlango wa bahari tukawa kama tuliotia nanga, wenzetu wakapita kandokando wakituangalia.

Jioni yake nilikaa barazani nikieleza habari za upepo na mkondo. Mtoto wa ami yangu, ambaye ndiye anayeshika demani chomboni, alikuwa amenyamaza muda wote. Akanyanyua kichwa akasema, "Upepo ni moya, kaka, wenzetu umewapeka." Yaani upepo ni mmoja, na wenzetu umewapeleka. Watu walicheka mpaka mzee mmoja akajimwagia kahawa. Wiki ile ile akahamia mashua iliyotushinda. Na mabaharia wengine wawili siku hizi nikiwaita mazoezini kila mmoja ana udhuru.

Mama anasema ni kijicho, tangu siku ile niliyobebwa. Anataka tunywe kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, na chombo kisomewe.

Lipo na la pili. Mdogo wangu ana miaka 17. Chomboni kazi yake ni kukumba maji ngamani, kule chini ndani ya chombo, lakini anachokipenda ni kuogelea. Wakati wa Maulidi aliingia mashindano ya kuogelea akawa wa mwisho kasoro mmoja. Tangu hapo hajagusa maji. Ananiambia, "Kaka, mimi sikuumbwa kwa haya. Wenzangu wana pumzi, mimi sina." Nikamwambia ni mkondo ule, wala si yeye. Akanijibu, "Wewe kila kitu ni mkondo."

Mwalimu, mimi naonekana nasingizia kila kitu, yeye anajilaumu kwa kila kitu. Nani yuko sawa? Na nifanye nini kabla ya mashindano yajayo? Mabaharia wakipungua zaidi, mashua ya baba itaozea matopeni.

Nahodha aliyechekwa,
Lamu

MWALIMU ANAJIBU

Waaleikum salaam, mwanangu, na pole. Kuchekwa Mkunguni si jambo dogo. Mtu huweza kuoa, akazaa, akajenga, na bado akatajwa kwa kahawa iliyomwagika.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilishika kalamu nikapiga mstari chini ya kila mahali ulipotaja sababu. Nimepata tisa: mkono wa baba, mashua, tanga, mabaharia wa baba, upepo, wapinzani na waamuzi wao, bahati mbaya, mkondo, na kijicho anachokisema mama. Mahali palipoandikwa "kwa sababu mimi nilifanya hivi" sikupaona, hata kwenye ushindi. Ushindi umempa marehemu, kushindwa umeupa upepo. Sasa wewe, kule nyuma kwenye usukani, kazi yako ilikuwa ipi?

Mdogo wako naye sababu anayo moja tu, nayo ni yeye mwenyewe.

Umeuliza nani yuko sawa. Hakuna. Lakini hamkukosea kwa namna moja, na tofauti hiyo ndiyo itakayokusaidia, kwa hiyo vumilia nikupitishe kwa wasomi kidogo kabla hatujarudi baharini.

Mwaka 1958 Fritz Heider, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, aliandika kwamba kila binadamu hutafuta sababu ya yanayotokea, hata yule asiyejua kwamba anatafuta. Hilo hata baraza lolote la Lamu lingemwambia. Aliyelipeleka mbele ni Bernard Weiner wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kuanzia miaka ya 1970. Yeye alisema sababu yoyote anayoitoa mtu baada ya kufaulu au kufeli, iulize mambo matatu. Imetoka ndani yake au nje? Ni ya kudumu, au ni ya leo kesho haipo? Na je, mkono wa mtu unaifikia?

Chukua upepo wako. Uko nje, hubadilika, na mkono hauufikii. Chukua "sikuumbwa kwa haya" ya mdogo wako. Iko ndani, ni ya kudumu, na mkono hauifikii. Mmoja kaelekea bara, mmoja kaelekea baharini, lakini tazama pale mlipokutana: nyote wawili mmechagua sababu ambayo hakuna cha kuifanya. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Ila ngama zenu hazifanani. Anayeamini kwamba sababu ni ya kudumu hungojea yale yale kesho, na anayengojea yale yale haoni kwa nini alowe. Ndiyo maana mdogo wako hagusi maji. Wewe unayeamini kwamba ni upepo wa leo, kesho unatweka tena tanga. Watu wanakucheka kwa visingizio vyako, na wana haki, lakini vimekufanyia kazi moja ambayo hawaioni: vimekuweka juu ya maji. Umeshindwa mara nne na bado unaniuliza habari za mashindano yajayo. Yeye ameshindwa mara moja tu.

Hili si la kubuni. Mwaka 1990 Martin Seligman na wenzake walichapisha utafiti juu ya waogeleaji wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kwanza walipima kwa maswali namna kila muogeleaji anavyozoea kujieleza mabaya yanapompata: wapo wanaosema ni mimi, itakuwa hivi daima, na nimeharibika kwa kila kitu, na wapo wanaosema ni jambo la leo na la hapa tu. Kisha wakawaogelesha kwa nguvu zao zote, na makocha wakawapa muda wa uongo, mbovu kuliko ule waliouogelea kweli. Wakapumzika, wakaambiwa waogelee tena. Wale wa "ni mimi na ni daima" walizidi kuwa wazito. Wale wa "ni la leo" walirudi vilevile au bora zaidi. Mikono ni ile ile na maji ni yale yale. Kilichobadilika ni maneno waliyojiambia pale ukingoni wakiwa wanatweta.

Sasa usinitoroke ukaenda barazani kusema Mwalimu amekubali ni upepo. Kisingizio kinalinda moyo, hakifunzi mkono. Mtu anaweza kushindana miaka ishirini kwa moyo mkunjufu na asijue kitu zaidi ya alichojua siku ya kwanza. Na kuna la pili, baya zaidi, ambalo nadhani ndilo linalowakimbiza mabaharia wako. Yule aliyekaa ubaoni, mgongo umelowa na viganja vimechubuka kwa kamba, ukimwambia yote yaliamuliwa na upepo umemwambia kwamba jasho lake halikuwa na maana. Angalikuwepo au asingalikuwepo, ni upepo. Basi kwa nini aje mazoezini?

Nirudi kwenye ule ushindi wako wa kwanza, ambao kwangu ndio ulionishughulisha kuliko kushindwa kote. Wanamichezo wengi hufanya kinyume chako: wakishinda ni mimi, wakishindwa ni mwamuzi. Huo ni ugonjwa wa kawaida, na wanasaikolojia wameuona tena na tena. Wewe umeukosea hata huo. Ushindi uliotoka nje hauna chakula. Ulibebwa mabegani na ukashuka na njaa ile ile, kwa sababu moyoni ulishausaini kwa jina la mtu mwingine. Heshima kwa mzazi ni jambo jema, na sikuambii umnyang'anye marehemu haki yake. Ukiona vyaelea vimeundwa, na yeye ndiye aliyeunda. Lakini siku ile yeye alikuwa kaburini. Kuna mtu aliamua wakati wa kubisha, kukata tanga kinyume na upepo. Kuna mtu alisema magunia ya mchanga yahamishwe joshini, upande unakotoka upepo, na kuna mtu alishika usukani. Kaa peke yako uandike mambo matatu uliyoyafanya siku ile ambayo mwingine asingeyafanya vile. Yakikushinda kuyakumbuka, waulize mabaharia. Wao wanayakumbuka.

Sasa mtoto wa ami yako. Umemwandika kama aliyekutia aibu, na kweli pale hadharani hakukustahi. Lakini maneno yake yalikuwa ya kisomi kuliko alivyojua. Mwaka 1967 Harold Kelley, Mmarekani mwingine, alieleza namna mtu mwenye akili anavyotambua sababu ya kweli. Huuliza: je, na wengine limewapata? Je, hunipata mara zote au leo tu? Je, ni katika hili peke yake au hata kwingineko? "Upepo ni moya, kaka, wenzetu umewapeka." Hilo ni swali la kwanza la Kelley, limesemwa kwa Kiamu na kwa maneno machache zaidi.

Haya, tulitumie kwenye mashindano yako.

La kwanza, upepo ulipolala: uliwakuta nyote, uliporudi ukawaanza wa nyuma. Hapo huna kosa nami sitakutafutia. Bahati ipo michezoni. Mwanamichezo asiyeikubali bahati atajichuna ngozi kwa mambo yasiyo yake. Tarehe 4 Oktoba 2020 Eliud Kipchoge, ambaye kwa miaka saba hakuwa ameshindwa marathoni, alimaliza wa nane kule London, akasema sikio lake la kulia liliziba. Kwa wengine lingekuwa kichekesho kama chako. Lakini lilikuwa jambo la siku moja, naye akaliacha London. Mwaka uliofuata akatwaa dhahabu ya Olimpiki kule Sapporo, na 2022 akakimbia Berlin kwa saa 2:01:09, rekodi ya dunia wakati huo. La bahati liite bahati, kisha uliache pale lilipokukuta. Usilibebe kwenda nalo mashindano ya pili.

La pili, la boya na waamuzi, sikuwepo. Huenda mlidhulumiwa. Kama mlidhulumiwa na hamkulalamika rasmi siku ile, basi jifunzeni kulalamika rasmi. Kulalamika barazani hakuhesabiwi.

La nne ndilo lililonifanya niweke kalamu chini nikacheka peke yangu, unisamehe. Umeandika mwenyewe: mkondo ulikushika katikati ya mlango, na wenzako wakapita kandokando. Mwanangu! Maji ya bamvua yakitoka hukimbia zaidi palipo na kina, katikati. Kandoni, palipo na kina kidogo, mkondo huwa dhaifu, na hilo anajua hata mtoto anayevusha watu kwenda Manda. Wenzako hawakupendelewa na bahari. Walichagua njia na wewe ukachagua njia. Sababu ya kushindwa kwako siku ile ilikuwa ndani ya sentensi yako, ukaipita ukaenda kuulaumu mwezi. Na hiyo ni habari njema, ndiyo ninayotaka uione. Mwezi hukuweza kuufanya kitu. Njia unaweza kuichagua upya kesho asubuhi.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu najua kuna msomaji atakayesema, "Basi ni kujituma tu, waambie wajitume." Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo. Nilipokuwa nikifunza kandanda, kulikuwa na kijana wetu aliyekosa penalti tukatolewa mashindanoni. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Hukujituma." Kijana yule kila siku alikuwa akibaki uwanjani mpaka adhana ya magharibi akipiga mipira peke yake, na mimi nilikuwa nikimwona. Hakujibu. Hakurudi tena. Nimelifikiria jambo lile kwa miaka. Mtu aliyetoa vyote, ukimwambia atoe zaidi, umemwambia kwa mlango wa nyuma kwamba hana. Na kosa lake halikuwa la juhudi hata kidogo: penalti zote alikuwa akizipiga upande mmoja, na kila kipa wa eneo lile alikwisha kujua. Lilikuwa jambo la kurekebishwa jioni moja. Badala yake nilimpa kijana sababu isiyorekebishika.

Kwa hiyo na mdogo wako usimwambie "jitume". Wala usimwambie "ni mkondo", maana amekwisha kukuchoka. Na usimtafutie mashindano mepesi ili ashinde achangamke. Hilo la mwisho lina ushahidi wake. Mwaka 1975 Carol Dweck alichukua watoto 12 ambao wakikosea hesabu kidogo tu hukata tamaa kabisa. Nusu yao akawapa kazi nyepesi, wafaulu kila siku. Nusu nyingine akawapa kazi ambazo mara nyingine walikosea, na wakikosea wanaambiwa kwamba iliwapasa kujitahidi zaidi. Baadaye wote walipokutana na hesabu ngumu, wale wa ushindi wa kila siku walianguka vilevile kama zamani. Wale waliofunzwa namna ya kuieleza kasoro yao walisimama. Kushinda kwingi peke yake hakumkingi mtu na siku ya kushindwa, akiwa hajui kuisoma.

Mdogo wako mpe kitu cha kuhesabu. Tafuta mashua iliyotia nanga mahali ambapo haihami, aogelee kutoka ngazini mpaka pale na kurudi, wewe ukishika saa. Lakini pima maji sawasawa: usilinganishe siku ya bamvua na siku ya maji mafu, utamdanganya. Hesabu siku za mwezi. Baada ya siku kumi na nne au kumi na tano maji hurudi kwenye hali ile ile, basi wakati huo ndipo mpime tena, saa ile ile ya maji. Katikati abadilishe jambo moja tu. Mimi ningeanza na mikono ishirini ya kwanza, maana vijana wengi waliosema "sina pumzi" niliwaona wameondoka kama wanaofukuzwa na papa, pumzi wakaimaliza kabla ya nusu ya safari. Pumzi hutengenezwa kwa mazoezi, na hutumiwa kwa hesabu. Muda ukipungua hata sekunde tano, usimsifu. Mwulize, "Umefanya nini tofauti?" Akijibu mwenyewe, amekwisha kupata sababu ya tatu, ile ambayo mkono unaifikia.

Na huenda akagundua kwamba umbali mfupi si wake. Hilo nalo si msiba. Kipchoge huyo huyo mwaka 2012 alikosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki kwa mbio za uwanjani. Mwaka 2013 alihamia marathoni. Kusema "sikuumbwa kwa mbio hizi" na kusema "sikuumbwa kwa kukimbia" ni vitu viwili, na kati yake kuna upana wa bahari.

Kuhusu mama. Kombe mnywe na chombo kisomewe; dua ya mama haikataliwi, na mimi si mtu wa kuingia kati ya mtoto na mamake. Ila hadithi ya yule bwana na ngamia wake unaijua. Alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, je, amfunge au amwache na amtegemee Mungu. Akaambiwa mfunge, kisha tegemea. Ninachokiogopa si kombe. Ninaogopa kijicho kikae kwenye kile kiti cha upepo, kiwe sababu ya kumi, ya kudumu, isiyofikika, na zaidi ya hapo yenye majina ya majirani. Mashua iliyoshindwa hurekebishwa. Mtaa ukigawanyika kwa tuhuma, sijui fundi wake.

Kabla ya mashindano yajayo nakuomba ufanye jambo moja tu chomboni, na lifanyike siku ile ile mkishuka, kabla ya mtu yeyote kwenda barazani. Kaeni mchangani, tanga likiwa bado limelowa. Kila mmoja aseme jambo moja la kazi yake mwenyewe: lililokwenda vizuri au lililoharibika, na mara nyingine atafanya nini. La mwenzake haruhusiwi. Neno "upepo" lisemwe na mtu mmoja tu, mara moja, na aeleze pia wenzenu waliufanyaje. Aanze mdogo wako, kwa kuwa ndiye mdogo na akingoja wakubwa watamnyamazisha. Wewe useme mwisho. Na useme kweli kweli, si "niliwaamini mno wengine." Sema, "Nilikaa katikati ya mkondo." Nakuhakikishia watanyamaza kidogo, kisha mmoja atasema la kwake ambalo amelificha tangu msimu uliopita. Mtakapoketi baadaye barazani na watu wakiuliza, jibuni lolote, hata upepo. Baraza nalo lina haki ya hadithi zake.

Mkishinda mfanye vivyo hivyo. Hapo ndipo wengi husahau, wakadhani ushindi haudai maelezo.

Mtoto wa ami yako usimbembeleze arudi, na usimwendee na safu hii mkononi. Mwendee kwa swali. Maana lile la tatu, la demani, nimeliruka makusudi. Umeandika "bahati mbaya tu, haina mtu." Kamba haikatiki kwa siku moja. Hulika pale inaposugua, uzi mmoja, wa pili, wa tatu, na mtu anayeipitisha mkononi kila siku huzisikia nyuzi zilizosimama kabla jicho halijaziona. Aliyekuwa akiishika ni yeye. Muulize kama alikwambia.

Mimi nahisi alikwambia.